Shangazi, mainfluensa walikuja bure Ukerewe, kilichobaki ni deni la vikoba

BARUA

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu usiliweke wala jina la loji yangu maana Ukerewe ni padogo, mtu akipiga chafya Nansio Bukindo wanamwambia pole.

Mimi ni mama wa miaka 43, nina watoto 3 na wa 4 ni kijana wa marehemu dada yangu, nimemlea toka ana miaka 6 sasa ana 25, ananiita Mamdogo. Mume wangu ni mtu wa dagaa, ana mitumbwi miwili iko kambini visiwa vya mbali, kwahiyo mimi namuona kipindi cha mbalamwezi tu, anakaa wiki moja hivi, giza likianza karudi zake ziwani. Mwaka 2019 tuliuza kiwanja chetu cha Igoma hapo Mwanza tukajenga vyumba 5 huku juu ya mawe karibu na maji, chumba elfu 60 na chai ya asubuhi. Sio hoteli ya kutisha ila ni pasafi, na ukikaa barazani jioni unaona mitumbwi inatoka na taa zake unaweza kusahau kama unadaiwa.

Kijana wangu alimaliza chuo hapo Mwanza akakaa miaka miwili hana kazi, akawa ananisaidia loji. Mwaka huu akaniambia Mamdogo hapa tunakufa maskini na kitu kizuri, hatujulikani, kuna dada mmoja wa Dar ana mafolowa laki 4 anazunguka mahoteli anapost, yeye halipi na hoteli hailipi, ni kolabo. Nikaona sawa, mtu akija kwako si unampa chakula, mbona hata mgeni wa kawaida unamchinjia kuku.

Walikuja mwezi wa 6. Tuliambiwa watu 2, wakashuka 6 kwenye meli. Yule dada, mpiga picha, mtu wa droni, mpaka-mekapu, mwingine anaitwa meneja, na kaka mmoja sijui ni nani yake maana kila nikiuliza wanacheka. Wakachukua vyumba 4, cha 5 wakaweka nguo na mataa. Siku hizo hizo nilikuwa na watu wa mradi wameshapiga simu wanataka vyumba 2 siku 2, nikawaambia pamejaa. Shangazi kile kilikuwa 240,000 cha uhakika nimekirudisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wamekaa siku 3. Chakula 310,000, maana mpaka-mekapu hali samaki mwenye macho ilibidi nitafute kuku. Vinywaji 185,000. Boti ya kwenda kupiga picha za machweo na mafuta yake 150,000. Nauli zao za meli na bodaboda za kuwapeleka Handebezyo 115,000. Jumla 760,000 na 40,000 nilishanunua mapazia mapya kabla hawajaja. Hiyo 800,000 nilikopa vikoba, kurudisha na riba ni 880,000 kwa miezi 4. Kwenye kikundi nilisema ni ya magodoro. Mume wangu hajui chochote, anajua tu walikuja wageni wa Dar.

Kuna vitu viwili vinanisumbua mpaka leo. Kwenye boti kijana wa boti aliwapa laifu jaketi wakavaa, tulivyotoka kidogo yule dada akasema wavue, linaharibu picha, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Sisi huku 2018 tumezika watu wa MV Nyerere, kile kivuko kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, mimi mwenyewe nimezika shemeji, halafu nimekaa nyuma ya boti naangalia zile jaketi za machungwa zimerundikwa miguuni kwangu nimenyamaza. Pili waliingia kuoga pale penye matete ambapo watoto wangu nawakataza kwa fimbo, kwenye video anasema maji ya huku ni salama kama swiming puli.

Video ilipanda vizuri tu. Watu laki 3 na ushee wameangalia, laiki 21,000. Inaonekana anga, mawe, yeye na gauni jeupe, sato wangu kwenye sinia, na muziki. Imeandikwa "Paradiso iliyojificha Ziwa Victoria". Jina la loji hamna, simu hamna, komenti zote ni "wapi hapa jamani". Kijana wangu ndo akawa anahangaika kujibu komenti moja moja anaandika namba yangu. Nilipigiwa simu 14, nimeziandika kwenye daftari. 9 waliuliza bei wakasema nitakucheki. Wawili wanataka na wao waje bure. Mmoja anaomba kazi. Mmoja alikosea namba. Mmoja ndo alikuja, mama mmoja na familia yake wametoka Mwanza, vyumba 2 siku 2, akalipa keshi.

Sasa huyu dada ameandika tena. Anataka aje na watu 9 kuanzia tarehe 28 mwezi wa 12 wamalizie mwaka hapa, usiku 5, loji nzima yao, na safari hii kuna ada ya laki 5 kwa sababu "ameshanijengea jina". Kijana wangu ameshamwambia ndio bila kuniuliza, ana furaha anasema Mamdogo mwaka huu tunatoboa. Nilivyomuandikia yule dada kwamba naomba nifikirie akanijibu hivi, nanakili: "Mama angu kama haiwezekani sio kesi, ila mafolowa wananiuliza sana ukweli wa pale kwako na mimi sipendagi kuwadanganya watu wangu." Ukweli upi Shangazi? Usiku mmoja umeme ulikatika nikachelewa kuwasha jenereta, na chumba namba 3 alionekana mende. Ndo huo?

Anataka jibu kabla ya tarehe 20 mwezi huu wa 10. Vikoba nimelipa mwezi wa 7 na wa 8, wa 9 nimeruka na wa 10 huu sina. Nikimkatalia huyu dada atanichafua, na kijana wangu nitamuaibisha, ndo kitu cha kwanza maishani amekifanya akajiona mtu. Nikikubali sijui hela natoa wapi. Nishauri kama mwanao.

Mama wa vyumba vitano, Ukerewe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia mchana, na nakiri kitu kimoja kabla sijaanza: mie mwenyewe nimewahi kula bure. Zamani nikiwa redioni tulialikwa waandishi kama kumi hivi hoteli moja upande wa Capri Point, sato wa kukaanga ukubwa wa sinia, bia hadi saa 6 usiku, na kesho yake nikaitangaza ile hoteli kwa sauti ambayo hata harusini sijawahi kuitumia. Choo chao hakikuwa na maji, sikusema. Kwahiyo nisije nikakaa hapa najifanya mtakatifu nawasema hao vijana, hii biashara ya kumlaza mtu bure ili akusifie imeanza kabla simu hazijawa na kamera, makampuni ya utalii yamekuwa yakiwaleta mawakala na waandishi wa Ulaya kuwazungusha mbugani bure miaka mingi. Kilichobadilika ni kwamba zamani walikuwa wanachaguliwa wachache, sasa hivi yeyote mwenye simu na mafolowa anaweza kuandika barua ya kuomba.

Nikikuelewa vizuri una mizigo minne umeifunga kamba moja. Kuna yule dada na safari yake ya Desemba. Kuna ule ujumbe wake unaokutisha. Kuna kijana wako. Na kuna deni ambalo mumeo hajui na kikundi kimeambiwa ni magodoro. Barua yako ina mistari mingi sana kuhusu wa kwanza, na kuhusu mumeo umeandika mistari ya kuhesabu. Nimeona hilo, naliacha kwanza, nitalirudia.

Ngoja nianze na neno ulilotumia mwenyewe, mgeni. Umesema mtu akija kwako unampa chakula, hata wa kawaida unamchinjia kuku. Mwanangu yule dada hakuja kama mgeni. Mgeni akisema wanakuja wawili hashuki na watu sita, na akikuta umeme umekatika anakupa pole. Yule alikuja kazini, wewe ukampokea kwa ukarimu wa nyumbani, kila mmoja akawa anacheza ngoma yake. Na simlaumu sana kwa hilo, maana hakuna aliyemwambia kazi yenyewe ni ipi. Video ngapi? Jina liandikwe wapi? Namba ya simu? Bei? Mtu anafikaje kutoka Mwanza, anapanda meli saa ngapi, au azunguke Bunda akavukie Kisorya? Wewe ulidhani mambo hayo yanajulikana tu, yeye alidhani kazi yake ni kutoa video nzuri, na haki yake apewe, video ni nzuri. Ila watu laki 3 wameona uzuri bila kuona mlango.

Kwahiyo nikuulize taratibu, una hakika tatizo ni kwamba mainfluensa hawafai? Au lile dili halikuwahi kuwa dili? Sikuulizi ili nikubebeshe lawama. Nauliza kwa sababu ukijibu hivi unaenda kulia, ukijibu vile unaenda kushoto.

Haya, twende kwenye daftari lako, maana nimelipenda sana hilo daftari, wenye mahoteli makubwa wengi hawana. Ulitoa 760,000 mkononi, ukarudisha wateja wa 240,000, hiyo ni milioni moja kamili, mapazia sihesabu yamebaki kwako. Ikarudi familia moja ya vyumba 2 siku 2, sawa na 240,000. Sasa mtu anaweza kukwambia matangazo hayalipi mara moja, subiri, jina linakua. Ni kweli mara nyingine. Lakini angalia tarehe anazotaka safari hii. Tarehe 28 Desemba mpaka mwaka mpya Ukerewe nzima imerudi nyumbani, watu wa Dar na Mwanza wamekuja kwa wazazi wao na nyumba zimejaa, wanatafuta pa kulala. Vyumba 5 mara usiku 5 mara elfu 60 ni milioni 1 na nusu, hujaweka sahani moja mezani, hujaweka laki 5 yake. Chumba kitupu cha mwezi wa 4 mvua zinanyesha ukimpa mtu bure umepoteza maji ya kuoga na shuka la kufua. Chumba hicho hicho mwisho wa mwaka ukimpa mtu bure umempa hela taslimu. Sijui kama kijana wako ameliona hili, na sidhani kama yule dada analijua, kwake Desemba ni Desemba tu.

Halafu kuna swali ambalo nadhani hujajiuliza: wateja wako ni akina nani hasa? Kwa barua hii hii umewataja watu wa mradi na mama wa Mwanza na familia yake. Mafolowa laki 4 wa Dar wangapi watapanda ndege au basi mpaka Mwanza, halafu meli saa tatu na zaidi, kuja kulala elfu 60? Wapo, siwezi kusema hawapo. Ila mtu wa Nyegezi au Buswelu hapo Mwanza mwenye wikiendi ya siku mbili yuko karibu zaidi na baraza yako, na huyo pengine anamfuata mtu mwingine kabisa mwenye mafolowa elfu 6 tu wote wa Mwanza.

Sasa ujumbe. "Sipendagi kuwadanganya watu wangu." Nimeusoma mara tano kama ulivyousoma wewe, na nakubali una harufu. Inawezekana ni kitisho, inawezekana pia ni mtoto wa mjini anajitutumua kwa sababu na yeye Desemba hiyo ana watu 9 ameshawaahidi. Wewe unamjua, mie simjui. Ila ngoja tufanye ni kitisho kweli, anakutisha na nini? Umeme kukatika Ukerewe na mende mmoja chumba namba 3. Mtu gani wa Kanda ya Ziwa ataacha kuja kwa hilo? Na kumbuka yeye mwezi wa 6 aliwaambia watu wake ni paradiso, akigeuka Desemba aseme ni jalala, wa kwanza kuulizwa ni yeye, kwamba ile ya mwanzo ulilipwa nini. Hapo ndo panapomuuma yeye kuliko wewe. Marekani na Uingereza mtu akilazwa bure akapost bila kusema kwamba amelazwa bure anakiuka kanuni zao za matangazo, Marekani tume yao ya biashara mwaka 2017 iliwaandikia barua mastaa na makampuni zaidi ya 90 kuwakumbusha. Na sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mteja, ingawa sijaona mtu wa TikTok akisumbuliwa nayo. Sikwambii umpeleke popote. Nasema piga skrinishoti ya huo ujumbe, uweke, na usimjibu usiku ukiwa na hasira.

Kuna hoteli moja Dublin kule Ireland, mwaka 2018 binti mmoja mwenye chaneli ya YouTube aliwaandikia anaomba kulala bure siku chache yeye na mpenzi wake, mwenye hoteli akaibandika barua hadharani na kumsema vibaya, dunia nzima ikajua, akatangaza kabisa mainfluensa marufuku kwake. Watu walimshangilia na hoteli ikapata jina kuliko kama angemlaza. Mie sikushangilia, yule binti alitukanwa siku nyingi kwa kosa la kuomba. Nakutajia kwa sababu najua utapata mtu wa kukushauri umuanike huyu dada mtandaoni, na kwa siku mbili itakuwa tamu kweli. Kisha itabaki wewe na kisiwa chako.

Njoo sasa kwenye lile jambo nililoona ndo limekukaa kooni, jaketi. Umeandika hela kwa mahesabu lakini jaketi umeziandika kwa kilio, na nilipofika pale penye jaketi za machungwa zimerundikwa miguuni kwako nikaweka simu chini kidogo. Wewe umezika 2018. Zaidi ya watu 200 walikwenda siku ile ya tarehe 20 Septemba, na nchi kavu ya Ukara inaonekana pale. Mwanangu hukunyamaza kwa sababu hujali, ulinyamaza kwa sababu ulikuwa umeshatumia 800,000 na ukaogopa kuiharibu picha uliyoilipia. Hicho ndo kitu hizi safari za bure zinamfanya mtu bila kujua, mwenye nyumba anakuwa mpagazi kwenye nyumba yake. Hata ile sherehe ya kisiwani Bahamas ya mwaka 2017, Fyre, walioitangaza walikuwa warembo wenye mamilioni ya mafolowa, watu wakanunua tiketi wakafika wakakuta mahema na mkate na jibini, aliyeandaa akahukumiwa kifungo cha miaka 6. Waliopost wengi wao maisha yaliendelea. Jina linalobaki na doa ni la pahali.

Na hayo maji ya matete. Wewe unawakataza wanao kwa fimbo kwa sababu unajua kichocho, konokono wanakaa pale pale kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, vidudu vinapenya ngozi mtu akisimama tu, na dalili zinaweza kukaa wiki au miezi ndo zije. Watoto wa shule wa huku wanapewa vidonge vyake. Sasa kuna laki 3 wameambiwa ni salama kama swiming puli. Sijui kama unaweza kumfanya aifute ile sentensi, lakini kijana wako ameshaandika namba yako kwenye komenti zile zote, angeweza kuandika na hili, kwa upole tu, penye matete hatuogi, maji ya kuoga tunachota na kuchemsha, na boti kwetu ni jaketi. Inaweza kumuudhi yule dada, ndio. Inaweza pia kumpunguzia woga yule mama wa Mwanza mwenye watoto. Na hao sita waliooga pale, mtu awaambie wapime, hilo wala sio la biashara.

Kuhusu kijana wako. Umesema ukikataa utamuaibisha. Nakuuliza, aibu ipi kubwa, ya kuambiwa na Mamdogo wake sasa hivi jikoni "baba hesabu ni hizi", au ya kuja kugundua mwezi wa 1 kwamba aliingiza nyumba kwenye deni na kila mtu alijua isipokuwa yeye? Maana nijuavyo hajaambiwa vikoba. Anadhani ile kolabo ilikuwa bure kweli. Anapiga hesabu za kutoboa kwa daftari lenye kurasa zimechanwa, na aliyezichana ni wewe, kwa mapenzi, lakini umezichana. Mpe daftari lote. Na uvumilie akikasirika, ana miaka 25.

Yeye mwenyewe ana simu, anajua kila jiwe la hapo, anajua taa za mitumbwi zinawaka saa ngapi. Inawezekana mafolowa wake ni mia nane. Inawezekana pia klipu zake za kila wiki, zenye jina na namba na bei na ratiba ya meli, zikakuletea chumba kimoja kimoja polepole. Hatari yake ni kwamba polepole haimfurahishi kijana, na vikoba hawasubiri polepole. Au mkamwandikia yule dada pamoja, wewe na yeye, kwamba Desemba pamejaa lakini mwezi wa 3 au wa 4 njoo na mtu mmoja, vyumba viwili usiku 2, mnakula tunachokula, jina na namba vinaandikwa, unasema wazi umealikwa, jaketi hazivuliwi, na zile klipu na sisi tunazitumia. Anaweza akacheka akakublock. Akikublock umepata jibu la swali lako bila kutumia senti. Anaweza pia akakubali, wapo wanaofanya hii kazi kwa adabu na hupenda kuandikiana kwa sababu hata wao wamechoka kufika mahali na kuulizwa "kwani we unalipa lini". Au ukakubali Desemba kama ilivyo kwa kuamini jina linajengwa, na hapo utakuwa unakopa tena, jiulize tu safari hii kikundi utakiambia ni magodoro mangapi.

Narudi kwa mumeo kama nilivyosema. Simjui, kwahiyo sitakwambia atapokeaje. Kuna wanaume ukimwambia nimekopa anauliza kiasi gani, kuna wengine anauliza nani amekuruhusu, na wewe ndo unajua umelala na yupi. Lakini kile kiwanja cha Igoma mliuza wote. Na kikundi chenu nina hakika kina mke wa mtu mwenye mtumbwi kambi ile ile. Umeruka mwezi wa 9, ukiruka na wa 10 habari inaenda kambini na dagaa, na itafika kwake imeshaongezwa chumvi. Zimebaki 440,000. Mwenyekiti wa kikundi ungemwendea kabla hajaja yeye ukamwambia ukweli wa magodoro, vikundi vingi vinaongeza muda kwa mtu aliyekuja mwenyewe, kuliko kwa aliyefuatwa, ingawa wapo wa kukusema na watakusema, jiandae.

Angalia kalenda yako ya mwezi, mbalamwezi inaangukia kabla ya hiyo tarehe 20 au baada? Kama ni kabla, mumeo atakuwa nyumbani huyo dada akisubiri jibu. Kama ni baada, muombe dada siku kumi zaidi, kama anaitaka Desemba kweli atakupa.

Na kitu kimoja cha mwisho nilitaka kukuuliza tangu mwanzo. Huyo mama wa Mwanza aliyekuja na familia akalipa keshi, umemhesabu ni wa video. Ulimuuliza namba yako aliipata wapi? Mpigie, ana namba yako na wewe una yake kwenye daftari, muulize tu kwa salamu. Ukiniandikia tena nianzie hapo.

Shangazi